Nilimwandalia Mama Meza, Akaenda Kula Mlangoni

Mpendwa mshauri,

Ninakuandikia kuomba msaada, na ninaomba kwa unyenyekevu ambao wenzangu chuoni hawaujui kwangu, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenyekiti wa chama cha midahalo, kijana ambaye wenzake wamempa jina la Kipaza kwa sababu ya sauti yake mikutanoni, na ambaye hajawahi kukosa jibu mbele ya mtu yeyote, mkubwa au mdogo, hadi siku kumi na moja zilizopita alipojibiwa na mama yake mzazi kwa sentensi mbili akabaki ameshika kijiko.

Mama yangu ni mhudumu wa meza katika ukumbi wa sherehe, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa hadi akawa msimamizi wa zamu, na kwa siku moja hutandika yeye na wenzake meza arobaini, kila uma umbali wa kidole gumba kutoka ukingoni, kila glasi juu ya ncha ya kisu, kila leso imekunjwa mfano wa feni ya mkono, kisha husimama ukutani mikono nyuma akiwatazama watu wakila. Na mtu huyohuyo, mshauri, akirudi nyumbani hula ameketi juu ya kigoda jikoni, sahani mapajani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, huku baba yangu, ambaye ni fundi wa saa, ameegemea fremu ya mlango na sahani yake mkononi, na mdogo wangu wa darasa la sita, ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, amekalia ndoo iliyopinduliwa, ilhali sebuleni tuna meza nzuri ya mbao yenye viti vinne ambayo imebebeshwa pasi, madaftari na saa za watu zilizofunguliwa matumbo. Sikatai kwamba hapo jikoni huwa wanacheka, kwa kuwa Mama husimulia ya ukumbini, kama yule shemeji wa bwana harusi aliyeficha mapaja matatu ya kuku ndani ya mkoba wa mkewe, na mchuzi ukaanza kuchuruzika wakati wa picha ya pamoja. Lakini nilijiuliza, na bado najiuliza: ni kwa haki gani uzuri wa meza uwe mali ya wageni wasiomjua hata jina, na mikono iliyouumba uzuri huo iambulie kigoda? Ni nani aliyepitisha azimio hilo, na katika kikao gani?

Basi niliporudi likizo niliamua kwamba nyumbani kwetu dhuluma hiyo itakoma, na Jumapili ile, Mama akiwa kwenye zamu ya asubuhi, niliondoa pasi na saa, nikafuta meza kwa mafuta, nikatandika shuka jeupe nililolipiga pasi hadi mikunjo ikaisha, nikatoa vyombo vya kabatini ambavyo huwa tunavitazama tu kupitia kioo, na kwa kila mtu nikaweka sahani kubwa, sahani ndogo, bakuli la supu, glasi, kisu, uma na kijiko, nikaongeza mabakuli matatu ya kupakulia na jagi la maji ya limau, nikachuma maua ya uani nikayasimamisha katikati ndani ya chupa ndefu, na leso nikazikunja feni, kama Mama mwenyewe alivyonifundisha nikiwa na umri wa miaka sita, zama zile alipokuwa akileta leso za ukumbini nyumbani kwa magunia ili tumsaidie kuzikunja. Nilipika mwenyewe. Kwa mizani yoyote ile, mshauri, ilikuwa meza ya kupigiwa mfano.

Mama aliingia saa tisa alasiri, akasimama mlangoni na pochi yake begani, akauliza, "Nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja, Mama," nikamjibu. "Leo mgeni wa heshima ni wewe."

Nikamkalisha kwenye kiti cha mwisho wa meza, ambapo sote tungemwona, naye akakaa wima, hakuvua hata viatu vyake vyeusi vya kazi, nami nikasimama nikasema maneno machache niliyoyaandaa kuhusu utu wa mfanyakazi, machache kwa vipimo vyangu, maana Chiriku alinikatiza akasema, "Kaka, supu inapoa, hiyo hotuba ina kurasa ngapi?" na Baba akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Tukaanza kula. Mama akausogeza uma wake kidogo. Kisha akausogeza wa kwangu. Akanyanyuka akammiminia Baba maji kabla Baba hajatazama jagi, nikamwambia, "Kaa, Mama," akakaa, Chiriku akaangusha kijiko, na kabla hakijaacha kulia sakafuni Mama alikuwa amekwisha simama kumletea kingine, na hapo ndipo mimi, kwa uchungu wa kuona mnyororo usioonekana ukimvuta mama yangu mezani kwake mwenyewe, nikasema kwa sauti ambayo nakiri ilikuwa ya mkutanoni, "Mama, kaa. Hapa wewe si mtumishi."

Baba akaweka kijiko chini. Mama akanitazama bila hasira, akasema, "Mwanangu, miaka kumi na tisa nimehudumu meza za watu wa kila namna, walevi wakiwemo. Hakuna aliyewahi kuniita hilo jina, mpaka leo, tena nyumbani kwangu."

Akachukua sahani yake akaenda kula ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ametugeuzia mgongo. Mimi nilijifungia chumbani nikaandika kurasa nne za kufafanua nilichokusudia, na nilipotoka jioni nikakuta meza tupu, vyombo vyote vimeoshwa na kurudishwa kabatini, jambo nililolitafsiri kuwa ni tamko rasmi la kuipinga meza yangu. Nami, kwa kuwa sikuzoea kurudi nyuma, nimeendelea kuitandika kila siku tangu hapo, na kila siku Mama hupita kando yake akisema amekwisha kula kazini, ilhali Baba ameninong'oneza kwamba ukumbini kwao wahudumu hawapewi chakula, kwa hiyo anakunywa chai peke yake chumbani, na jikoni hakuna tena anayekaa. Nilimwomba Baba atoe maoni yake bila kuficha, akasema, akiwa amebana kioo chake cha kazi jichoni, "Ulipika vizuri. Ungenyamaza, tungekula." Na Chiriku juzi aliniuliza ninarudi chuoni lini, kisha akaongeza, "Si kwa ubaya, Kaka. Nataka tu Mama arudi kula na sisi."

Nitaondoka baada ya siku tisa. Sitaki kuondoka nikiwa nimewaacha watu wanne wakila mahali panne... ndiyo, najihesabu na mimi, maana hata mimi sasa nakula peke yangu kwenye meza ile. Nimpe Mama zile kurasa nne azisome? Niendelee na meza hadi azoee, au nikubali kwamba wapo watu ambao uzuri waliowaumbia wengine umewafunga wasiweze kuupokea? Nijibu bila kunionea haya.

Wako,
Kipaza

MSHAURI ANAJIBU

Kipaza, mwanangu, umeomba usionewe haya, nami sina mpango huo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu. Umetandikia watu wanne sahani kubwa, sahani ndogo, bakuli, glasi, kisu, uma na kijiko kila mmoja, ukaongeza mabakuli matatu na jagi. Hivyo ni vyombo thelathini na viwili. Kisha ukaingia chumbani kuandika kuhusu utu wa mfanyakazi, na ulipotoka vilikuwa safi. Unaniambia lilikuwa tamko rasmi. Mimi nakwambia lilikuwa ni mtu ameosha vyombo. Mtu huyo alikuwa amesimama tangu alfajiri, na hukuona haja ya kuniandikia ni nani. Nadhani sote wawili tunamjua.

Sasa tuje kwenye meza. Uliiga ukumbi hatua kwa hatua: shuka jeupe, chupa ndefu ya maua inayoziba nyuso, leso za feni ambazo mama yako alizikunja kwa magunia ili wewe ule. Mtu ametoka kazini saa tisa, amefungua mlango wa nyumba yake, na kazi inamtazama kutoka sebuleni. Ndiyo maana aliuliza nani anakuja. Ndiyo maana hakuvua viatu. Ukamweka mwisho wa meza mbele ya macho yote, yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa amejifunza kutokuonekana wakati watu wanakula, halafu ukamtaka atulie.

Na ule uma. Wewe uliona mnyororo. Mimi nimeona fundi. Baba yako akipita mahali penye saa iliyosimama ataigusa, na hutamwambia kwamba ni mtumwa wa saa. Mama yako ameinuka kabla kijiko hakijanyamaza kwa sababu anaijua kazi yake kuliko wewe unavyoijua yako. Unaihurumia kazi hiyo hadharani, mbele ya mtoto wa darasa la sita, kisha unaipa jina ambalo hata mlevi hakulitumia. Lile jina halikutoka ukumbini, Kipaza. Lilitoka kichwani mwako, na hapo ndipo pa kuanzia kusafisha.

Nakiri kwamba ulipoanzia hapakuwa pabaya. Mama yako anastahili meza nzuri, na saa zilizofunguliwa matumbo si pambo la chakula. Lakini hukumuuliza hata neno moja. Isitoshe, nyumba yenu ilikuwa na mahali pa kulia pamoja, na wewe mwenyewe umepataja bila kupaona, katikati ya sentensi ndefu kuliko barabara: kigoda, ndoo, fremu ya mlango, na kisa cha mapaja ya kuku. Pale alikuwa anasikilizwa. Kwenye meza yako alihutubiwa.

Basi fanya hivi, na uanze leo, maana siku tisa si nyingi.

Zichane zile kurasa nne. Mfuate mama yako akiwa amepumzika, si akiwa anapita, ukae chini kuliko yeye, na umwambie, "Mama, nilikukosea kwa lile neno. Kazi yako ndiyo iliyonisomesha, nami niliitukana." Kisha funga mdomo. Akikaa kimya, mkae kimya wote. Usimweleze ulichokusudia. Anakijua, ndicho kilichomuuma.

Ukishamaliza hapo, muulize kama angependa kula mezani, na akisema jikoni, nenda jikoni ukakalie ndoo ya pili. Akikubali meza, usiitandike kama ukumbi. Shuka jeupe lirudi kitandani. Tafuta kitambaa chenye rangi nyingi, ambacho doa la mchuzi likianguka hakuna atakayelitafuta. Sahani nne, basi. Chungu kiwekwe katikati juu ya kibao, kila mtu ajipakulie, ili asiwepo wa kupakuliwa wala wa kupakua. Jagi likae mbele ya baba yako, ambaye anaweza kufungua saa ndogo kuliko ukucha na kwa hiyo hatashindwa na maji. Vijiko vya ziada visimame ndani ya kikombe hapohapo mezani. Chiriku akiangusha kimoja, achukue kingine, na hakuna anayeinuka. Maua yawe mafupi, kwenye bilauri, muweze kuonana. Leso mkunje mara moja tu, kama nguo iliyotoka kuanikwa.

Mama yako asikae mwisho wa meza. Mpe kiti kilicho ubavuni, mgongo ukutani, karibu na mlango wa nyuma unakoingia upepo, mahali ambapo hauoni mlango wa jikoni. Kiti kinachoutazama mlango wa jikoni ni chako. Likikosekana lolote, chumvi au maji, wa kunyanyuka ni wewe, na vyombo ni vyako kuanzia sahani ya kwanza hadi sufuria. Siku ukisharudi chuoni viwe vya baba yako na Chiriku kwa zamu, na hilo mkubaliane kabla hujafunga begi, kwa maneno machache kwa vipimo vya watu wengine.

Akiusogeza uma wako, mwambie asante, ule.

Hotuba usiwe nayo. Mkishapakua, muulize leo ukumbini kumetokea nini, umwache amalize.

Na kabla hamjamwita mezani, chemsha maji, uyapoze yawe ya uvuguvugu, uyatie kwenye lile beseni uliloliandika kama ushahidi wa dhuluma, na uliweke chini ya meza, mbele ya kiti chake. Usimwoneshe wala usimtangazie. Ataliona mwenyewe. Akivua vile viatu vyeusi, ujue meza umeipatia.