Nyangeta Hajafa, Tunaye

Shangazi,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, ila mdomo umezoea. Halafu nimemisi kumwamkia mtu, maana siku hizi shikamoo za nyumba nzima naletewa mimi.

Tangu tukuzike sijapata nafasi ya kukulilia. Siku tulipoanua matanga, baba wadogo walinikalisha kwenye kiti chako, wakanifunga kitenge chako, wakatangaza, "Nyangeta hajafa, tunaye." Watu wakapiga vigelegele. Nikadhani ni yale maneno ya kufutana machozi, si unajua kwetu mtu akifa jina anabaki nalo wajina wake? Kumbe lilikuwa agizo. Nimehamishiwa chumbani kwako hapa Kamunyonge, Musoma. Wanao, ambao wamenizidi umri, wananiamkia "Shikamoo Mama." Wanacheka, lakini hawaondoki mpaka niitikie. Bibi naye, mama yako mzazi, ananiita mwanangu. Nikitokwa na machozi majirani wananikaripia: "Unamlilia nani, unajililia mwenyewe? Acha kujitafutia mkosi!" Basi nameza. Nimechoka kumeza, Shangazi.

Unamkumbuka Neema? Yule rafiki yangu mwenye mdomo, uliyekuwaga unamkataza kuongea akila sato. Amefungua steshenari Bunda, anachapa kadi za harusi, na anataka niende tufanye wote, niwe naandika majina kwa yale maandishi ya kupamba uliyonifundisha. Chumba cha kuishi kipo. Nilipowaambia ukoo, baba mdogo hata hakuinua macho kwenye sahani. "Nyangeta ana nyumba yake. Aende wapi?"

Jumamosi Neema akaja mwenyewe. "Wewe, utaota kuvu humu ndani!" Akanibeba mimi na Bhoke wa kwaya mpaka Butiama, kwa masista walioweka maonesho ya vitabu vilivyoandikwa na kupambwa kwa mkono. Bibi akanisindikiza mpaka mlangoni: "Usichelewe, mwanangu."

Ungeviona, Shangazi! Vingine ni vya zamani sana, vimetoka mbali, kurasa zake ni ngozi ya ndama. Bhoke akasema, "Aisee, kwetu ngozi tunalalia, wenzetu wanaandikia." Herufi ya kwanza imejaa ukurasa mzima, imepakwa dhahabu, na mizabibu imeizunguka mpaka pembeni. Sista alikuwa anafunua taratibu na kila anayenyoosha kidole anamtazama tu, kidole kinarudi. Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilicheka kwa sauti yangu.

Kwenye meza ya mwisho nikakukuta. Kile kitabu cha Injili za Jumapili ulichowaandikia masista, na ule wekundu uliokuwaga unakoroga na kiini cha yai, Bibi akilalamika kwamba kuku wake wanatagia makaratasi. Mwishoni umeandika: Nyangeta wa Musoma. Bhoke bila kufikiri akanisukuma mbele. "Sista, na huyu ni Nyangeta, wa Musoma!"

Masista wa sasa hawakuwahi kukuona; huyu akanishika mikono yote miwili. "Kumbe ndiye wewe! Tumekutafuta wee!" Akaita wenzake, tukapigwa picha, akaniomba niwaandikie kitabu kingine, cha Pasaka. Neema alikuwa ananikodolea macho, anasubiri niseme. Unajua nilisema nini? "Asante, Sista." Basi. Nimetoka Musoma kukukimbia, na Butiama nako nikajibu kwa niaba yako. Nilihisi kama mtu aliyefungiwa ndani na anasikia wageni wanabisha, wanamsifia mwenye nyumba.

Sista akafunua ukurasa mwingine ili anisifie zaidi. Nikamwona mnandi wangu. Yule ndege niliyemchora nikiwa darasa la nne, shingo imepinda kama bomba la sinki. Nilitaka kumfuta, ukanizuia mkono. "Mwache. Huyo ni wako." Sikujua kwamba ulimwacha kweli, katikati ya kazi yako yote safi.

Hapo ikanitoka. "Sista, aliyeandika kitabu hiki amefariki. Mimi nimechora huyu ndege tu." Amefariki! Sikuwahi kulisema, kwa kuwa hapakuwa na aliyeniruhusu. Nililia mpaka Bhoke akanivua kitenge chako akanifutia nacho uso.

Jana baada ya misa nikapiga magoti mbele ya Bibi. "Bibi, mimi si mwanao. Mwanao amekufa. Mimi ni mjukuu wako, na nataka kwenda Bunda." Akasema, "Nani alikwambia sijui? Si nilimwosha kwa mikono yangu? Nyie ndio mlisema tunaye. Nikaona acha, inanisaidia kulala." Tukalia wote, Shangazi, tukakulilia kwa jina lako. Kisha akanishika kiganja. "Lakini usiende." Ukoo naweza kubishana nao. Mkono wa Bibi nitaubishia vipi?

Nikamwomba basi kitu kimoja. Msalaba wako kule makaburini Bweri hauna jina, kwa sababu baba mdogo alikataza: jina la mtu aliye hai likiandikwa kaburini, kaburi litamwita. Bibi akapangusa pua. "Kaliandike. Mwanangu si mbuzi."

Leo asubuhi nimepanda bodaboda na brashi zako. Nimeandika polepole, herufi ya kwanza nimeipaka rangi ya dhahabu. Mtu wa shamba la jirani aliliona jina, akaniangalia mimi, akachukua jembe lake akaondoka bila kuaga. Baba mdogo anapiga simu mpaka sasa, sijapokea.

Kwaheri, Shangazi. Pumzika, mama yako nitamtunza, ila kama mjukuu. Sijui ni lini ataniachia kiganja. Ninachokuahidi ni kwamba sitatoroka: siku ya kwenda Bunda nitamuaga, na hata asipoitikia nitakwenda. Nimekaa mbele ya kaburi lenye jina langu, nimekulilia mpaka jua limekuwa kali, na hakuna aliyekufa zaidi yako.

Nyangeta