Okidi za Evelina wa Area D

Mwaka umekwisha tangu ututoke, Mama Anjelina, na rafu yako ya dirishani imebaki tupu. Tumeona heri habari hii uipate kwetu wenyewe.

Ulikuwa fundi cherehani, na mtoto aliyekosa sare hukumrudisha mikono mitupu. Kila asubuhi ulitazama mizizi ya okidi zako kabla ya kunitazama mimi mumeo. Katika upepo wetu huu mkavu ulikuza maua ambayo majirani waliyagusa wakidhani ni ya plastiki. Okidi zako ulizipanda kwenye magome ya mti, si udongo. Mizizi ikiwa ya kijivu ulizinywesha. Ikiwa ya kijani uliziacha.

Mimi niliwaambia wageni kwamba maua hayo, vile yanavyofanana na vipepeo wa usiku, giza likiingia huruka kuzunguka taa, na nisipofunga dirisha yatafika kwa dada yako Chemba.

“Baba Anjelina,” ukasema, “anza kwa kufunga mdomo.”

Ulipokuwa hai hakuna kati yetu aliyekujazia hata kikombe cha maji ya kuzinywesha. Tuliporudi kutoka makaburini ndipo tukazikumbuka. Mwanao Abeli akazipa maji. Jirani yetu Shamila, machozi yakimtoka, akasema, “Maua ya mama yasishinde na kiu,” akazipa tena. Dada yako Cecilia naye akamimina. Mimi nikaongeza, nikajiona nimekutendea wema. Na kesho yake tena, na kesho yake. Huku kwetu nani amewahi kuua kitu kwa maji?

Majani yakageuka njano, mizizi ikalainika kama uji. Binti yetu Anjelina alipokuja kutoka kwake Ihumwa aliinua chungu kimoja, maji yakachuruzika sakafuni.

“Baba, mmezizamisha.”

Nikamwambia hapana, zimemfuata mama yenu kwa huzuni. Hakucheka.

Ilipona moja tu, ile iliyopukutisha maua ukaiweka nyuma ya cherehani. Tulidhani imeshakufa, hakuna aliyeihurumia. Sasa iko kwa Anjelina, na haijachanua bado. Nikienda Jumapili, mwanao hunipokea mlangoni: “Shikamoo baba. Kaa pale, usiiguse.” Nakaa, mikono mfukoni.

Ungetufundisha, Evelina, kama tungekuuliza.

Unakumbukwa na mumeo Castory Mazengo, wanao Anjelina na Abeli, dada yako Cecilia wa Chemba, na jirani yako Shamila. Hatutaacha kukukumbuka, siku zote tulizobakiziwa.