Mawe Yaliyouzwa Kabla ya Kukatwa

Kwa mpwa wangu Taufiq, hapo Langoni,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye sasa ni meneja wa machimbo ya mawe hapa Manda. Usicheke. Haya, cheka: nafukuza mbuzi wasitafune waya wa mashine.

Siku hizi mashine hukata na simu huuza. Mnunuzi wa Nairobi huyaona mawe yangali ardhini, akayalipia. Kariuki wa kampuni ya kukata mawe aliponiuliza, "Mzee, unauza mawe ya kiwanjani?" nilibonyeza ndiyo kwenye simu yake. Kwetu jiwe la kuuza ni lililokwisha kukatwa na kupangwa, nami nilikuwa na rundo nyuma ya choo. Kumbe nimeuza mwamba wote, na nyumba yangu iko juu yake!

Nikamwambia, "Bwana we, mke wangu Hayat alifia chumba kile."

"Pole, mzee. Simu ishapokea. Mawe yana wenyewe."

Nimesali, nimetukana, nimesali tena. Jana ukuta wa jikoni uliporomoka. Wallahi, Taufiq, sina pa kulala wala pa kumlilia Hayat.

Ulipooa nilikubebea kitanda kichwani kutoka Siyu hadi gatini, wewe ukijitia manukato. Kesho njoo nawe unibebee changu.

Mjombako asiye na haya,
Shukri