Kifaru Hakulengwa

Jumamosi, 7 Juni

Kichwa kinanigonga! Mwaka mzima nimekuwa mwamuzi wa mashindano ya kadi pale ukumbi wa maktaba — kwa kosa moja tu, kwamba mimi, karani wa maktaba, ndiye pekee niliyekisoma kile kitabu cha sheria — na leo fainali inawakutanisha nani? Kinyozi na mama mkwe wangu. Mshindi anakwenda mashindano makubwa Jumamosi ijayo.

Mama ni mkunga mstaafu. Alijifunza mchezo huu mwaka jana alipovunjika mguu, sasa humwambii kitu. Leo alibakiwa na kadi moja ya mnyama mezani, Kifaru, kamvika kadi ya Hirizi. Mwenye Hirizi, mpinzani hawezi kumlenga. Mama kakunja mikono, katulia tuli. Kinyozi akatupa Kafara: lenga mchezaji mmoja, mchezaji huyo achague mnyama wake mmoja, amtoe.

Mama akasema Kifaru halengwi. Nikasema kweli, Mama, hajalengwa. Akauliza, sasa anatoka kwa nini? Nikamjibu, kwa sababu aliyelengwa ni wewe.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoharibu! Akanitazama juu mpaka chini.

"Mimi? Nimelengwa mimi? Na mkwe wangu mwenyewe?"

Si mimi, Mama, ni kinyozi! Wapi. Kifaru akatoka, zamu mbili baadaye mchezo ukaisha. Tumerudi nyumbani kama watu wanaotoka msibani.

Jumapili, 8 Juni

Mama hakunisubiri. Chai kajimiminia mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Haongei na mimi. Anaongea na sufuria. Eti kuna watu ukiwafungulia mlango, wanakuja kukufundisha namna ya kuingia. Nikauliza, Mama, unanisema mimi?

"Aa. Simlengi mtu."

Loo!

Nimemwomba mume wangu aingilie. Yeye fundi majokofu — kasema baridi anashughulika nayo kutwa nzima, hataki nyingine nyumbani. Msinihusishe. Mwanamume huyu!

Nimemchorea Mama mpaka karatasi. Mshale kwa Kifaru: hapana. Mshale kwa mchezaji: ndiyo. Kaipindua, kaandika nyuma yake vitu vya kununua sokoni.

Alhamisi, 12 Juni

Ningejua nisingekigusa tena kile kitabu. Mchana maktaba ilikuwa tupu, nikakaa nitafute ukurasa wa kumfunga Mama mdomo. Kuhusu Kafara niko sawa, neno kwa neno. Nikafurahi. Nikafunua ukurasa wa pili.

Mama yangu!

Kabla ya ile Kafara, kinyozi alikuwa amemlenga Kuku, mnyama mwingine wa Mama, kwa Radi, kadi inayomtoa anayelengwa. Radi haijapiga, Mama akamvika Kuku naye Hirizi. Nikasema umechelewa, Kuku ameshalengwa, atoke. Akasema haya, wewe ndiye mwamuzi. Hakubisha! Sasa kitabu kinasema lengo hukaguliwa mara mbili: kadi inapotupwa, na tena inapotaka kupiga. Kama wakati wa kupiga halilengeki tena, kadi imekwenda bure. Kuku alikuwa mzima! Na Kuku akiwepo, Kafara ikija Mama anamtoa Kuku, Kifaru anabaki — na kinyozi hakuwa na kingine mkononi.

Yaani lile alilobisha, nilikuwa sahihi. Lile alilolikubali, ndilo nililomdhulumu.

Nimesoma mara nne. Herufi ni zilezile.

Ijumaa, 13 Juni

Nilitaka kumwambia wakati wa chakula. Nikaishia kuomba chumvi.

Jumamosi, 14 Juni

Saa mbili asubuhi. Nimemwambia. Nilimkuta sebuleni, nikamwekea kitabu mapajani, kidole kwenye mstari. Akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Nikasema nisamehe, Mama. Nilikosea.

Nilitegemea anichambue kama karanga. Akauliza tu, nani mwingine anajua? Mimi na wewe. Wanaanza saa ngapi? Saa nne. Na kinyozi? Nikasema amefunga saluni tangu jana, kabandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: NIMEKWENDA KUSHINDANA.

Mama akaguna. Akafunga kitabu, akakitia kwenye begi lake — kitabu changu! — akaingia chumbani kuvaa.

Anakwenda kudai nafasi yake? Anakwenda kumshangilia kinyozi? Nimemuuliza nikiwa nje ya mlango. Utaona, kasema. Utaona! Nikisimama mbele ya watu niseme nilikosea, kazi yangu ya uamuzi ndio basi, na kinyozi arudi kufungua saluni mchana kweupe. Nisiposema, nitamtazamaje Mama kila asubuhi mezani? Mume wangu kauliza tunakwenda wapi. Nimemwambia sijui. Kacheka! Anadhani natania.

Kitasa kinazunguka. Katoka — gauni la bluu, wanja machoni, begi kalikumbatia. Wiki nzima hajaniita kwa jina wala kwa lolote.

"Mwamuzi! Vaa viatu, tunachelewa."