Sukari ya Mgonjwa na Roketi Inayorudi

Jumatatu, 7 Aprili
Tangu asubuhi naandika kadi za mifuko ya mbegu. Namba ya shehena, aina, tarehe ya kupimwa, sahihi. Mvua imeanza na foleni ya wakulima imetoka nje ya lango. Nilikosea kadi moja, nikaichana, nikatazama kama kuna aliyeniona. Hakuna.

Kesho jioni, saa kumi na nusu, watu wanne wanarushwa angani. Roketi ni ile ile iliyokwishakwenda na kurudi. Ina masizi ubavuni kama sufuria ya mama kule Kamukuywa, na hawajaisugua. Naipenda kwa hilo.

Sijawahi kuona safari ya watu inapotokea. Kila mara niko kazini. Naangalia iliyorekodiwa, na wakati huo najua tayari kwamba wako hai. Nataka kuwaogopea kabla sijajua.

Mama Wanjiru, mkuu wa ofisi yetu, hatoi ruhusa msimu wa mbegu. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Siku hiyo atanipa barua ya kuajiriwa, au hatanipa. Nimwombe ruhusa kwa sababu gani? Roketi?

Jumanne, 8 Aprili
Nimedanganya. Nilimpigia saa moja asubuhi, nikasema malaria. Sauti ilitetemeka yenyewe kwa woga, naye akaamini. Akanipa pole, akaniita mwanangu. Nikajichukia mpaka chai ikapoa.

Siku nzima nimejifungia humu chumbani, mtaa wa Matisi, pazia limeshuka. Sikutoka hata kununua mkate, jirani asije akaniona mzima.

Saa kumi, kwenye simu yangu, walikuwa wamekwisha kufungwa mikanda. Mmoja aliipungia kamera mkono. Zilipobaki dakika saba, mtu mmoja akasema upepo wa juu haufai. Mtu mmoja tu, kwa sauti ya kawaida, na kila kitu kikasimama. Hakuna aliyemkaripia.

Watajaribu tena kesho, saa kumi na dakika tano.

Kwa hiyo kesho bado naumwa.

Jumatano, 9 Aprili
Lazima niandike.

Nilisahau desturi ya ofisi. Ukiumwa siku moja, unapewa pole kwa simu. Ukiumwa siku ya pili, unatembelewa. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba mkate kwenda kumwona mgonjwa. Nilisahau.

Adhuhuri ujumbe wa Barasa, tunayekaa naye meza moja: "Niaje mgonjwa. Tunakuja na Mama saa kumi. Usikufe kwanza."

Nilifikiria kutoroka kwenda nyumbani Kamukuywa. Nilifikiria kujimwagia maji nionekane nina jasho. Hilo la pili nililifanya.

Walifika saa kumi kasoro dakika tano. Mama Wanjiru na Barasa. Sukari kilo mbili, mikate miwili, maziwa. Nilikuwa chini ya blanketi. Simu chini ya mto, ikiendelea kuonyesha, sauti nimeipunguza. Sikuweza kuizima. Niseme ukweli: sikutaka kuizima.

Mama akaweka kiganja kwenye paji langu. "Hana joto."

"Malaria ya Matisi hiyo," Barasa akasema. "Inashika miguu tu, mtu asifike kazini."

Mama akamwambia anyamaze, tuombe. Akafumba macho. Maombi yake ni marefu. Alianza na wagonjwa wote wa Trans-Nzoia ndipo akanifikia mimi. Chini ya mto wangu mtu alikuwa akihesabu kurudi nyuma. Niliisikia sekunde ya sitini. Anaomba nipone. Ya hamsini. Anaomba nipate nguvu za kumtunza mama yangu. Nikamkumbuka yule wa upepo.

"Mama, simamisha kidogo. Mimi si mgonjwa. Kuna watu wanne wanaondoka duniani sasa hivi."

Barasa alidhani malaria imepanda kichwani, nilimwona akitazama mlango.

"Wako wapi?" Mama akauliza.

Nikatoa simu chini ya mto.

Tuliona pamoja. Moto, kisha moshi, kisha ile roketi nyeupe yenye masizi ikainuka polepole hadi ukadhani imebadili nia, halafu ikaenda. Mama alinishika mkono, ukucha wake ukaniuma. Kipande cha chini kikaachana na wale wanne, kikageuka, kikaanza kurudi peke yake.

"Sasa hiyo si inaanguka, bana," Barasa akasema.

"Inarudi."

"Ati inarudi. Chuma?"

Ikawasha injini. Ikafungua miguu. Ikasimama wima juu ya sakafu ya saruji, inatoa moshi, haina hata aibu. Nililia mbele ya mkuu wangu wa kazi. Juu huko, ndani ya chombo, mwanasesere waliyemfunga kwa uzi akaanza kuelea, ishara kwamba uzito umeisha, na wote wanne wakacheka.

"Imerudi kama mtu aliyetumwa dukani," Mama alisema. Kisha akasimama, akakunja uso. "Kesho saa mbili, ofisini kwangu."

Wamefika angani. Mimi nimekwisha. Sijawahi kufurahi hivi.

Alhamisi, 10 Aprili
Hakufoka. Ningependa afoke. Alisema barua yangu ilikuwa imekwisha kuchapwa tangu Jumatatu, akaifungia kwenye droo mbele yangu. Jibu kesho. Kadi zangu za siku mbili aliandika yeye mwenyewe. Nimeziona. Hakuna kosa hata moja.

Barasa amenipa jina: Mgonjwa wa Angani. Ofisi nzima inaniita hivyo.

Wale wanne wameunganisha chombo chao na kituo cha angani. Wamo ndani, salama. Niliwaangalia simuni wakati wa chakula, mlangoni pa ofisi, bila kujificha.

Ijumaa, 11 Aprili
Sikufukuzwa. Majaribio yameongezwa miezi mitatu. Barua inabaki drooni. Nilistahili. Inauma hata hivyo.

Mama Wanjiru akaongeza jambo moja. Sukari ile ni ya mgonjwa, nami si mgonjwa. Niipeleke Bungoma kwa Mzee Juma, mtunza majalada wetu aliyevunjika mguu, ambaye hatujamtembelea kwa sababu ni mbali. Nimweleze mwenyewe imechelewa wapi.

Jumamosi, 12 Aprili
Bungoma. Nyumba ya Mzee Juma iko nyuma ya msikiti. Mguu wake juu ya stuli, plasta imechafuka. Mikate nilinunua mipya.

Nilimweleza yote. Woga, uongo, mto, maombi. Hakuniambia pole wala aibu. Aliuliza kama wale wanne walifika. Nikasema walifika. Aliuliza kama ile iliyorudi itatumwa tena. Nikasema wanaipima kwanza.

Akafungua sukari. Akatia kwenye kikombe chake, halafu kwenye changu.

Mvua ikanyesha juu ya mabati, tukanywa.