Hodi Nyumbani Kwangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu! Nimeanza na neno hilo ili nilione kwenye karatasi. Mume wangu, mume wangu. Daftari hili nililinunua la mapishi, lakini mapishi yatasubiri. Nisipoimwaga raha hii mahali nitapasuka.

Leo nimerudi kazini, mara ya kwanza tangu harusi. Dobini kumefurika — mashuka ya nyumba ya wageni, mashati ya watu wa ofisini, suti moja yenye doa la mchuzi kifuani. Mama Pasi, bosi wetu (tunamwita hivyo kwa sababu hata akikusalimia ameshika pasi), alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema ndoa imeninenepesha upesi, au ni furaha ndiyo imekaa mashavuni? Ni furaha, mama! Nikazubaa nikimwaza mtu wangu. Mama Pasi akanipigia kelele: "Bi harusi, shuka duniani, shati linaungua!" Halikuungua. Ulikuwa mvuke tu. Lakini wote walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Jioni nikafika mlangoni, nikapiga hodi. Kwangu! Ufunguo ninao mkononi, nami nimesimama kama mkusanya michango. Ndani ikanijibu sauti nzito ya mzaha: "Karibu mgeni, pita, uketi, usione haya!" Akafungua, maranda yamejaa nywelini. Yeye ni seremala, na yale maranda humfuata mpaka kitandani. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Asante Mungu. Kwa jirani pia.


Jumatano, 5 Machi

Mume wangu amegundua kwamba ninaomba. Si sala, hapana. Naomba maji. Naomba nifungue dirisha. Naomba nikae hapa. Leo ameniuliza, "Unamwomba nani?" Akasema kiti ni changu, dirisha ni langu, na hata huyu anayesema ni wangu. Jamani! Nilitaka kulia kwa utamu wa maneno hayo.

Kisha nikashika kisu, mdomo ukajisemea wenyewe: naomba nikate mkate. Akainama, mkono kifuani, kama mhudumu wa hoteli kubwa. "Ruhusa imetolewa, mheshimiwa."

Mimi siku zote nimedhani ni adabu. Watu wamenisifu tangu utotoni — mtoto huyu ana adabu! Sasa najiuliza, mtu huwa na adabu kwa mkate wake mwenyewe?

Sijui. Ananiita. Chai inapoa.


Jumamosi, 8 Machi

Kabati! Kabati! Kabati!

Limekuja kwa mkokoteni, mume wangu na wenzake wawili wa karakana wanalisukuma huku wanapigiana kelele: shika huku, inua, usikwaruze! Husemwa kwamba nyumbani kwa seremala hakuna kigoda, na kweli, sisi tulikuwa tunatundika nguo zake kwenye misumari. Kumbe muda wote alikuwa anaweka mbao kando, moja moja, zile nzuri zinazobaki kwenye kazi za wateja. Alianza kabla hata sijamkubali! Nikamuuliza, je, ningekataa? "Ningeliuza," akasema, bila hata kupepesa macho. Mwongo. Wenzake waliniambia alikuwa anamkatalia kila mnunuzi.

Mlango wa kushoto ni wangu. Shelfu za nguo, shelfu ya chini ya viatu, na ndoano ndogo ya aproni yangu ya kazi. Shelfu ya juu inafika pale pale mkono wangu unapofika. Nikashangaa amejuaje. Alinipima! Siku ile ya uchumba alipodai tusimame ukutani tuone nani mrefu, kumbe mwenzangu yuko kazini!

Nililibusu. Ndiyo, nimebusu kabati, na midomo imenuka vanishi mpaka jioni. Nikapanga mashuka. Nikapanga mashati yake, ukosi juu ya ukosi, kama dukani. Lilipendeza mno nikamwita aje aone.

Upande wangu nimeuacha kwanza upigwe hewa. Vanishi ikauke.


Jumanne, 11 Machi

Vanishi imekauka. Nguo zangu bado zimo kwenye begi chini ya kitanda. Asubuhi nalivuta, natoa ninachovaa, nafunga zipu, narudisha. Kwa nini? Nimechelewa, najiambia. Nitapanga jioni. Jioni nimechoka, najiambia. Nitapanga kesho.

Leo dobini nilikuwa nakunja blauzi ya mteja. Mama Pasi akaniangalia weee, kisha akasema, "Mwanangu, nguo hii inarudi kabatini. Mbona unaiviringisha kama inapanda basi?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Niliporudi nyumbani peke yangu njiani sikucheka tena.

Mawingu hakuna, lakini nikaanua nguo zetu zikiwa mbichi. Mume wangu akasema si niziache zilale nje, kesho jua litazimaliza? Hapana! Nilisema kwa haraka mno, kama amenikanyaga. Nikazitandaza kwenye viti vyote, chumba kikageuka dobi. Akainama chini ya sketi yangu inayodondosha maji, akaja kunibusu.

Nashukuru kwa mwanamume anayejua kuinama.


Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Ya kwanza.

Wifi yangu alikuja, mdogo wake mume wangu. Amepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi, tukampongeza, tukaimba, nikachemsha chai. Yule ana mdomo! Akafungua kabati bila kuuliza (yeye haombi!), akasema, "Wifi, huku mashati ya kaka matupu. Wewe unavaa hewa?" Nikacheka. Kisha akasema shida yake ni begi, la kwake limekatika mikanda. Na mume wangu, kwa moyo wake ule mweupe, akasema chukua la mke wangu, ni kubwa, naye hasafiri. Akainama akalivuta kabla sijafungua kinywa.

Lilikuwa zito. "Wifi! Umeficha matofali?" Wifi akavuta zipu.

Kila kitu kilikuwemo. Magauni yameviringishwa. Viatu kwenye mfuko. Taulo. Sabuni mpya. Mswaki haujatolewa kwenye pakiti yake. Bahasha ya vyeti vyangu juu kabisa, mahali pa kunyakua.

"Begi hili liko tayari kuliko mimi ninayesafiri!" wifi akasema, akacheka, akamtazama kaka yake, akaacha kucheka. Akasema atapita Jumapili. Akaondoka na chai yake haijaisha. Wifi! Na chai haijaisha!

Mume wangu akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza polepole kama kuna mahali amenikosea. Nikasema hapana, hata kidogo. Basi unakwenda wapi, akauliza. Nikasema samahani. Akasema hataki samahani, anataka kujua kama mke wake anakaa au anapita.

Mimi, ninayejaza kurasa hapa kama maji ya bomba! Nikasema samahani tena.

Akachukua kofia yake, akaenda karakana.


Ijumaa, 14 Machi

Amenisalimia. Amekunywa chai, amesema asante, imekolea. Amerudisha kikombe. Adabu tupu! Hapo ndipo paliponiuma. Sasa tumekuwa wageni wawili, na hakuna mwenyeji.

Nimeomba ruhusa ya nusu siku nikae nijiulize. Haya. Jiulize.

Mama alipofariki, baba alikwenda kutafuta kazi mbali, ndugu wakanigawana. Shangazi, mjomba, mama mdogo, tena shangazi. Sitadanganya daftari langu: walikuwa watu wema. Nilikula walichokula. Walinisomesha mpaka nikamaliza sekondari, na wenyewe hawakuwa nacho. Nawashukuru na nitawashukuru mpaka kufa. Ila habari ilikuwa inakuja ghafla. Uko unafua, unasikia: kesho unakwenda kwa mjomba. Mara moja haikuwa hata kesho. Lilipita lori la mtu wanayemfahamu, dereva ana haraka, panda, panda! Sweta langu la shule lilikuwa kwenye kamba, bichi. La kijani. Lori likageuka kona, nikaliona linapunga mkono mmoja kwa upepo. Hakuna aliyelileta. Hawakuwa na ubaya, walisahau tu.

Tangu hapo nguo yangu hailali nje. Tangu hapo naviringisha. Naomba maji ili mtu asije kusema nimechukua. Nasifu chakula kabla sijaonja, nacheka kabla mzaha haujaisha, ili mwenyeji asinichoke. Lo! Nimeandika hivyo na kalamu imesimama.

Maana sasa nauliza: na sifa zote hizi ninazommwagia mume wangu? Nazo ni nauli ya kukaa?

Hapana. Nimefikiri muda mrefu na jibu ni hapana. Nampenda hata akinuna, hata akikoroma, hata maranda yake shingoni mwangu. Hilo halina woga ndani yake. Lakini kabati lake nililisifu, nikalibusu, nikamwita aje aone, na sikuweka hata leso. Mgeni akipewa kitu husema asante sana na kukiacha mahali pake. Mwenyewe je? Nadhani mwenyewe hukitumia mpaka kikachakaa.

Begi lile halikuwa tayari kumkimbia yeye. Lilikuwa linasubiri mtu aje aseme kesho unakwenda.

Lazima nimwambie. Hayumo kichwani mwangu, atajuaje?


Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia. Nilishindwa kungoja arudi, nikaenda karakana. Msumeno unanguruma, nikaanza na sweta kwa kupayuka. Hakusikia, akauzima. Ikabidi niseme tena, na safari hii kila mtu mle ndani alisikia. Wenzake wakakumbuka wana kazi uani.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: lilikuwa rangi gani? Nikasema kijani. Akachukua randa, akawa anaranda ubao ambao tayari ni laini kama shavu. Basi. Nikarudi nyumbani sijui nimejenga au nimebomoa.

Wakati wa chakula akanishika mkono. Akasema begi nilifanye nitakavyo. Wifi yangu atapata jingine, si tatizo. "Likibaki chini ya kitanda, nitafagia kulizunguka."

Nikakimbilia bafuni kulia. Kulizunguka! Nani mwingine duniani amepewa mtu kama huyu?

Na sasa jambo la kipuuzi. Gauni langu la kazini liko kwenye kamba. Nimeliacha kusudi, lilale huko. Nimechungulia mara nne. Nahisi kama nimesahau mtoto sokoni.


Jumapili, 16 Machi

LIPO! Lina umande, zito, limejipinda, bega moja limechomoka kwenye kibanio. Lakini lipo! Nilisimama uani nalishika kama mjinga, jirani yule wa ukutani akanisalimia kwa wasiwasi.

Mume wangu ametoka kumpokea wifi kituoni. Kajua nitakachoamua? Hajauliza. Alisema tu wanarudi pamoja, na akautia ufunguo mfukoni.

Begi liko wazi kitandani. Nimeanza na magauni. Nimeyakunjua yote, yana mikunjo ya duara kama maranda, nimeyakunja upya, bapa, ya kukaa. Shelfu ya juu imejaa. Inafika pale pale mkono wangu unapofika! Viatu chini. Aproni kwenye ndoano. Sabuni imekwenda bafuni, imeketi na ya kwake. Taulo vilevile. Vyeti nimeviweka chini ya mashuka, mbali na mahali pa kunyakua.

Limebaki begi tupu na mswaki kwenye pakiti. Nimeupeleka kwenye kikombe cha miswaki, nikaurudisha. Nimeuweka shelfuni, nikauchukua. Nikiutoa kwenye pakiti nitakuwa na miswaki miwili nyumba moja, kama mtu mwenye vinywa viwili. Sasa nimeutia mfukoni mwa gauni. Usinicheke. Leo nimefanya mengi.

Begi nimelifunga zipu, nimelisimamisha karibu na mlango. Jepesi! Sikujua kwamba ni jepesi hivi.

Nawasikia wanakuja. Wifi anaongea, kama kawaida. Hatua zimefika mlangoni.

"Hodi!"

Ni yeye. Mume wangu! Na ufunguo anao!

Wifi anauliza kaka umerukwa na akili, fungua nyumba yako, jua linanichoma. Naye anamjibu, kwa sauti ile ile nzito, lakini mzaha haumo: "Yangu peke yangu? Mwenyewe hajasema karibu."

"Nyie wawili mnafaana," wifi anasema.

"Hodi wenyewe!" mume wangu anarudia.

Nimesimama na kalamu mkononi, daftari nimeliegemeza kwenye mlango wa kabati. Nimepiga hodi kwenye milango mingi maisha yangu. Sikumbuki hata mmoja ambao mtu alinipigia mimi. Neno la kujibu ni dogo tu, nimeambiwa mara elfu, na sasa ni zamu yangu kulisema.

Wifi ameanza kupiga mlango kwa kiganja. Mume wangu hapigi. Anasubiri. Namjua, atasubiri mpaka giza liingie, na wifi ataungua na jua huko nje. Mswaki uko mfukoni, nimeushika.

Hodi ya tatu hiyo, naiweka kalamu —