Maharage ya Ukweni

Mhunze, Jumamosi usiku

Nimeshiba mpaka kulala ni kazi, na aibu bado inanitekenya.

Mimi na maharage tuliachana machimboni Mwakitolyo. Kule yalichemshwa kwa maji na chumvi tu, mchana na jioni, nikaapa sitayala tena. Leo tumefika ukweni, natangulizwa nini? Bakuli la maharage! Nikajisemea, basi, hawa watu hawanitaki.

Lakini ukweni hukatai chakula. Nikamega ugali, nikachovya. Kumbe yameungwa kwa karanga za kusaga na samli ya nyumbani, mazito, yananukia mpaka uani. Nikachovya tena. Mke wangu akanikonyeza. Nikadhani ananihimiza nivumilie. Nikamaliza bakuli, nikaomba la pili. Mkwe mzima, naomba kuongezwa!

Nakomba tonge la mwisho, kuku akaingia. Sahani imejaa, firigisi juu, heshima ya mkwe.

"Haya baba, sasa karibu chakula," akasema baba mkwe.

Yale maharage yalikuwa ya kunisubirisha tu. Sikuwa na nafasi hata ya... Nikaomba radhi, firigisi nikamsogezea mzee. Nyuma ya pazia mama mkwe, ambaye kwa mila haketi kula na mimi, akacheka mpaka akakohoa.

Nina wasiwasi kesho Mhunze nzima itajua. Lakini wasiwasi mkubwa ni huyo kuku aliyebaki. Naogopa asubuhi watanipashia yeye, na maharage wale wenyewe.